Kunguru Hawakushuka

Thayne Hokanson aliamka kabla ya shemeji yake, mkono bado umelikumbatia kopo la pilipili kifuani. Alilisukuma kwa mguu mpaka chini kabisa ya begi la kulalia, ndipo akafungua zipu ya hema.

Kila mtu anayeingia milima ile ya Wyoming hubeba kopo kama hilo. Ukimpulizia dubu usoni, macho na pua vinawaka moto na anakuacha. Kulibeba kiunoni hakumchekeshi mtu. Kulala nalo mkononi kama mtoto na mwanasesere ni jambo jingine, na Thayne alikuwa na miaka zaidi ya hamsini na mikono ya fundi wa kuchomea vyuma.

Ukungu ulikuwa umekalia bonde. Kule uwandani, mbali na hema, nyama waliyoibeba jana ilining'inia kwenye msonobari uliosimama peke yake, mifuko yake ya kitambaa ikionekana vizuri. Hakuna kilichoigusa. Thayne alivuta pumzi.

Rulon, kaka wa mkewe Ardith, alitoka hemani akijikuna tumbo. Jana alasiri alikuwa amemwangusha wapiti, dume la kulungu mkubwa wa kule, lenye pembe kama mti uliopukutika majani. Alikuwa ameomba kibali cha kuwinda bonde hilo mwaka baada ya mwaka mpaka nywele zikaanza kumtoka.

"Umekoroma kama trekta bovu, shemeji," alisema. "Dubu wote wamehama."

"Afadhali wahame."

Thayne alichemsha kahawa yake. Rulon alikunywa maji ya moto na chokoleti, maana kanisa lake halitaki kahawa, akamwambia Thayne, kama kila asubuhi, kwamba ataipata ikichemka huko motoni. Thayne akamjibu kwamba motoni angalau hakutakuwa na theluji. Ulikuwa utani wao wa zamani, na hakuna aliyeucheka.

Kilichobaki juu msituni, alipoangukia mnyama, ni paja moja na kichwa. Sheria ya wawindaji wa kule ni nyama kwanza, pembe mwisho. Mtu anayeshuka na pembe huku nyama ikiozea porini hasalimiwi. Lakini kuna sheria nyingine, na hiyo waliivunja. Nyama inayolala porini hupelekwa mahali peupe, mbali na matumbo, pa kuonekana kwa mbali, ili kesho yake uitazame kwanza kwa darubini kabla hujaikaribia. Mafungu ya kwanza waliyapeleka hivyo. Kwa paja la mwisho nguvu ziliwaishia. Thayne alisema walitoe msituni, Rulon akasema atakufa, na Thayne naye alikuwa hoi. Wakalitundika palepale kwenye tawi, chini kuliko inavyotakiwa. Kichwa wakakiweka juu ya gogo. Rulon alivua shati lake lililolowa jasho akalifunga kwenye paja, ili dubu anuse mtu aogope. Wengine huamini hivyo.

"Bunduki tunaiacha," Rulon alisema sasa, akiketi mlangoni mwa hema kufunga kamba za viatu. "Kibali kimeshatumika. Siwezi kutembeza chuma cha bure na paja la wapiti linanisubiri."

Thayne aliitazama ile bunduki iliyoegemea mti. Ibebe, alitaka kusema. Mimi nitaibeba.

"Ni nzito kweli," alisema.

"Kopo langu liko ubavuni mwa shanta. Lako?"

"Lipo."

Na lilikuwapo kweli, chini ya begi la kulalia, miguuni. Kulitoa kulimaanisha kumruka Rulon pale mlangoni, kutambaa ndani na kulichimbua kwenye matandiko mbele ya macho yake. Thayne alisubiri aondoke. Rulon alifunga kiatu, akafungua, akafunga tena. Kisha akasimama palepale akamrushia shanta lake.

"Twende, mzee, kabla theluji haijatukuta."

Thayne alienda. Tunalo moja, alijiambia, linatosha.

Njia ilipanda kando ya kijito, ikaingia kwenye vichaka vilivyomfika mtu kifuani. Kila kona Thayne alipaza sauti: "Oya, dubu! Tunapita!" Ndivyo anavyopita tangu mwaka ule walipomshusha Delmar, jirani yake, kutoka mlima mwingine. Delmar alikuwa hai. Alikuwa akiongea njia nzima na sehemu ya uso wake haikuwapo, akiuliza kama kuna mtu amewalisha farasi wake. Thayne ndiye aliyeshika upande wa kichwa wa ile machela. Hajawahi kumsimulia mtu, hata Ardith.

"Unapiga hodi kwa nani?" Rulon aliuliza nyuma yake. "Ngoja wakukaribishe na chai."

"Nyamaza, panda."

"Nikimwambia dada yangu kwamba mumewe anaamkia vichaka, ataomba talaka."

Walipofika ukingo wa msitu Thayne alisimama. Miti mingi pale ilikuwa imekufa ikiwa imesimama, na mingine imelala juu ya wenzake ovyo, mpaka mtu hupita kwa kuinua miguu. Upepo uliwapiga usoni. Kwa mwindaji huo ni upepo mzuri. Asubuhi ile ulikuwa mbaya, kwa sababu chochote kilichokuwa mbele kisingeipata harufu yao.

Halafu akawaona kunguru. Walikuwa wamejaa kwenye vilele vya misonobari, juu ya mahali penyewe, weusi na wakimya. Mmoja alishuka tawi moja, akatazama chini, akapanda tena.

"Rulon. Kunguru hawashuki."

"Wameshiba."

"Kunguru hashibi. Chini kuna matumbo ya mnyama mzima, nao wako juu. Kuna mwenye meza."

Rulon aliwatazama, kisha akamtazama yeye. "Shemeji, sasa unaogopa ndege?"

Damu ilimpanda Thayne usoni. Hapo angesema. Angesema ndiyo, naogopa, nimeogopa tangu tulipoacha gari, na kopo langu liko hemani kwa sababu nalala nalo. Maneno yalikuwa mdomoni.

"Piga kelele tu," alisema.

Wakaingia. Thayne alipiga kelele, lakini sauti ilitoka nyembamba na upepo ukairudisha nyuma yao. Rulon alitangulia akiruka magogo, na alipokiona kichwa cha wapiti wake juu ya gogo, kizima, pembe zake pana, alicheka kama mtu aliyekuta mtoto wake salama.

"Ona! Hakuna aliyegusa. Kunguru wako waongo."

Aliweka shanta chini, akakilaza kichwa juu yake, akaanza kukifunga kwa kamba, pembe zikitanda pande zote mbili. Kwenye ncha moja alifunga kitambaa cha rangi ya chungwa ili mwindaji mwingine asimdhanie wapiti. Akajitwika, akakaza mkanda wa kiuno na wa kifua.

Thayne alikuwa anatafuta paja.

Tawi lilikuwapo. Kamba ilining'inia, ncha yake imechanika nyuzi nyuzi. Chini ya tawi ardhi ilikuwa imekwanguliwa kama iliyolimwa kwa jembe, na hatua chache mbele palikuwa na kichuguu ambacho jana hakikuwapo, cha udongo, majani ya misonobari na magome, kirefu kama kaburi. Mkono wa shati la Rulon ulitokeza pembeni yake.

Dubu hufukia chakula chake. Na akishakifukia, haendi mbali.

"Rulon," Thayne alisema taratibu. "Geuka. Rudi ulikotoka. Usikimbie."

"Paja liko—"

"Acha paja."

Nyuma ya kichuguu kitu kilipumua, pumzi nzito, kama mvukuto wa mhunzi. Kisha dubu akainuka. Alikuwa amelala pale pale, mgongo umeegemea chakula chake. Nundu ilitangulia kuonekana, halafu kichwa kipana, halafu akaendelea kuinuka wakati Thayne alipodhani amekwisha. Udongo ulimporomoka mabegani. Aligonga meno, ta, ta, ta.

"Tunaondoka, bwana," Thayne alimwambia. "Ni yako yote. Hatukujua."

Mkono wake ulienda kiunoni wenyewe. Kiuno kilikuwa kitupu.

"Kopo," alisema bila kugeuza kichwa. "Rulon, kopo lako."

"Siwezi kulifikia." Sauti ya Rulon ilikuwa imepanda kama ya mvulana. "Nimelifungia chini ya pembe."

Walianza kurudi kinyumenyume. Thayne alipata mwanya kati ya magogo. Rulon hakupata. Pembe zilipita mti mmoja upande huu, zikanasa mti wa pili upande ule, na alipojivuta zikajikaza zaidi, akabaki amening'inia kwenye mikanda, visigino vikichimba udongo. Alijaribu kugeuka. Mti ulilia. Dubu alishusha kichwa.

Alikuja. Hakuna mtu anayeweza kusimulia vizuri kasi ile. Alikuwa kule, halafu alikuwa hapa, na mwishoni kabisa akajizuia kwa miguu ya mbele, udongo ukamrukia Rulon kwenye suruali. Rulon alifumba macho. Dubu alitema mate, akarudi nyuma hatua kadhaa akitikisa kichwa. Mara hiyo alikuwa anatisha tu. Ya pili hakuna anayejua.

Thayne alikuwa juu ya mwinuko, nyuma yake njia nyeupe. Miguu yake ilishaanza kuondoka. Aliisikia ikiondoka, hatua moja, ya pili, na hakuwa ameiamuru. Akaona machela. Akamsikia Delmar akiulizia farasi.

Alishuka.

Alishuka akiongea, kwa sababu alijua akinyamaza ataanza kukimbia. Alimwambia dubu habari za geti la chuma analomchomea mfugaji mmoja wa ng'ombe, kwamba bawaba hazikai sawa, kwamba itabidi azikate upya. Sauti ilitoka chini na bapa. Alimfikia Rulon kwa ubavu, akabonyeza bizimu ya kifua, ikafunguka. Ya kiuno ilikuwa imekazwa na uzito wote wa mtu. Haikufunguka.

"Thayne," Rulon alinong'ona.

"Bawaba ndizo zinazosumbua," Thayne alimwambia dubu, na akachomoa kisu. Makali yaliteleza juu ya mkanda, yakalichana koti la Rulon, akajaribu tena. Mkanda wa bega ukakatika. Wa pili. Dubu aligonga meno. Thayne hakumtazama, alitazama mkanda wa kiuno, uzi baada ya uzi, ukijitenga.

Rulon alianguka kwa magoti. Thayne alimshika kola akamburuta juu ya gogo, na wakarudi nyuma hivyo, mmoja amemshikilia mwenzake. Nyuma yao shanta lilibaki limening'inia kwenye pembe, na kile kitambaa cha rangi ya chungwa kikipepea. Dubu alikwenda akalinusa. Akalipiga mara moja. Pembe zilivunjika kwa mlio ambao Rulon aliudhania ni mfupa wake.

Hawakugeuza migongo mpaka walipotoka msituni.

Kambini Rulon aliichukua bunduki. Risasi mbili zilimdondoka majanini kabla ya kupata ya kuingiza.

"Turudi," alisema.

"Hapana."

"Zile ni pembe zangu. Nimezisubiri nusu ya maisha yangu."

"Sasa ni zake. Paja tutawaeleza askari wa wanyamapori lilikopotelea."

Thayne aliingia hemani, akaingiza mkono mpaka bega ndani ya begi la kulalia, akalitoa kopo. Alitoka nalo mkononi wazi. Rulon alilitazama.

"Lilikuwa humo?"

"Nalala nalo."

"Tangu lini?"

"Tangu Delmar. Asubuhi nilishindwa kulitoa mbele yako."

Rulon aliketi chini kwenye majani yaliyolowa. Mpasuko wa koti lake ulikuwa umefunguka, na shati la ndani lilionekana.

"Ungesema," alisema.

"Ungenicheka."

"Ndiyo, ningekucheka." Alijipangusa pua kwa kiganja. "Ningekucheka huku nimebeba bunduki."

Walijaza sarara na mikono ya wapiti kwenye shanta lililobaki, na fungu jingine wakalifunga kwa turubai Rulon akalibeba kwa kamba begani. Kufika kwenye gari kwa miguu ni mwendo wa kutwa nzima. Theluji ilianza, laini, na upepo ulikuwa umegeuka, sasa ukiwapiga mgongoni, ukichukua kila harufu iliyokuwa juu yao na kuipeleka mbele, kwenye vichaka ambavyo bado hawajavifikia.

Thayne alisikia kitu cha uvuguvugu kikimteremka kiunoni. Alijipapasa. Ilikuwa damu ya nyama, imepita kitambaa, imepita shanta, imelowesha shati. Nyuma yake Rulon alikuwa hivyohivyo, amelowa mpaka kwenye viatu.

Njia iliingia kichakani. Thayne alifungua mdomo, na kabla hajatoa neno alimsikia Rulon nyuma yake, sauti imekwaruza kama ya mtu aliyekuwa analia:

"Oya, dubu! Tunapita!"

Walisimama, wakasikiliza. Hakuna kilichojibu. Thayne alishika kopo, akainua mguu, akaingia.