Pua ya Mzee wa Italia

Siwema alimuua baba yake mwaka themanini na tatu, kwa mdomo tu, na baba mwenyewe akaendelea kuishi miaka saba mingine pale Musoma, akitengeneza fremu za picha.

Tusimhukumu haraka. Pua ya Fundi Jumanne ilianza na kipele kimoja, kipele kikaita wenzake, mpaka pua yote ikawa vinundu vitupu, imevimba na kung'aa. Daktari alisema si ukoma na haiambukizi. Lakini daktari husema mara moja, watu husema kila siku. Siwema alikua akisikia watoto wa mtaani wakiimba pua ya baba yake, na mama yake alipofariki akapelekwa Bunda kwa shangazi akasome. Huko hakuna aliyeijua hiyo pua, na kwa mara ya kwanza maishani mwake msichana yule alitembea barabarani bila kuimbiwa.

Ndipo ikaja posa ya Hasani. Ukoo wa Hasani ulikuwa wa wenye duka, watu wanaochunguza asili ya mchumba kama wanaonunua ng'ombe. Walipouliza baba wa binti yuko wapi, shangazi alimtazama Siwema, na Siwema akasema, "Marehemu." Neno moja tu. Baba yake mdogo akasimama kuwa walii wa kumwozesha, shehe akafungisha ndoa, watu wakala pilau ambalo mchele wake ulitafutwa wiki tatu, maana mwaka ule hata chumvi ilikuwa ya kujuana.

Uongo una miguu mifupi, lakini unajua kurudi nyumbani. Mwezi wa tatu wa ndoa, Siwema aliketi kwenye darasa la akina mama, akasikia mwalimu akisema kwamba binti akiozeshwa na mtu mwingine ilhali baba yake yu hai na hakutoa ruhusa, ndoa hiyo ni batili. Alikuwa na mimba. Alirudi nyumbani, na tangu siku hiyo kila alipomtazama mumewe aliona mwanamume asiye wake. Mtu wa kumuuliza alikuwa mmoja tu, baba mdogo, naye alikuwa amekwenda Rukuba kununua samaki wa kukausha, homa ikamkamata hukohuko kisiwani, akazikwa. Siwema alizaa mtoto wa kike, akaitwa Mwanaupe, na kila alipomnyonyesha alimwomba msamaha kimoyomoyo.

Angeweza kwenda Musoma kumuuliza baba. Ni safari ya asubuhi moja. Lakini utamwendeaje mtu uliyekwisha kumzika?

Sasa huko Musoma, mwaka themanini na tano, mwalimu mmoja wa Butiama aitwaye Florian alimpelekea Fundi Jumanne mzigo wa picha. Mtawa aliyekuwa akirudi kwao Ulaya aliiachia shule nakala za michoro ya kale ya Italia, zilizochapwa kwenye karatasi nene yenye kung'aa. Kulikuwa na malaika, kulikuwa na mabibi wa shingo ndefu na mabwana wa mahameli. Na kulikuwa na moja, nakala mbili, ambayo walimu wenzake walikataa isitundikwe darasani: mzee wa kanzu nyekundu, pua yake vinundu vitupu, amempakata mtoto. Mtoto ameweka mkono kifuani pa mzee, na anamtazama usoni.

"Wakubwa wa zama hizo walikuwaga wanamlipa mchoraji awapambe," Florian alimweleza. "Huyu hakupambwa. Kachorwa na vinundu vyake vyote. Miaka mia tano imepita, ona."

Fundi Jumanne aliishika ile picha muda mrefu. "Na mtoto bado anamwangalia tu," akasema. Kisha akaomba aachiwe nakala moja.

Aliitengenezea fremu ya mninga, akaipiga msasa mpaka ikawa laini kama ukucha. Kioo hakikupatikana. Mwaka ule kioo kizima kilikuwa adimu kuliko sukari, na mafundi walikuwa wakiunga vipande. Jumanne alibandua kioo cha dirisha la chumba chake mwenyewe, akakikata, akaziba dirisha kwa boksi.

Kabla ya kufunga, aliigeuza picha akaandika nyuma yake kwa penseli. Hiyo ndiyo desturi ya mafundi wa fremu: nyuma ya kila picha huandikwa jambo, jina la mwenyewe au tarehe, halafu ndipo hufunikwa na kupigiliwa misumari. Siwema alipokuwa mdogo ndiye aliyekuwa akimshikia baba ile penseli. Barua ingeweza kusomwa na wakwe. Nyuma ya picha angefungua binti wa fundi peke yake. Ndivyo alivyowaza yule mzee, akampa utingo wa basi mzigo aufikishe Bunda kwa Siwema.

Binti wa fundi hakufungua. Alipochana gazeti na kuiona ile pua, aliona baba amemtumia aibu yake ikiwa na kioo juu. Aliisukuma uvunguni. Hasani ndiye aliyeiibua, akaicheka sana, kisha akagonga kioo kwa kidole na kicheko kikakatika.

"Kioo kizima! Mwaka huu! Nani katuletea?"

"Jamaa wa shangazi," alisema Siwema.

Marehemu Mzee Shomari, baba yake Hasani, alikuwa na picha kubwa iliyokaa sandukuni kwa kukosa kioo. Fremu ikapelekwa kwa Nyamhanga seremala. Nyamhanga hakuwa na hadibodi ya kuweka nyuma, akaona ile karatasi nene inafaa kukazia, akaiacha humohumo bila kujali mwandiko wake na kumweka Mzee Shomari mbele yake. Fremu ikatundikwa sebuleni. Siwema hakuuliza mzee wa Italia alikwenda wapi.

Miaka ikageuka. Maduka yaliyokuwa yakiuza hewa yakajaa sabuni, redio na mitumba, na Hasani akaanza kuleta vioo, shiti nzima nzima. Ndipo siku moja ya mwaka themanini na tisa Fundi Jumanne akashuka Bunda kununua kioo. Kama alikifuata kioo kweli, kila mtu ajijibie. Hasani, ambaye hakuwa mtu mbaya, alimwona mzee ana vumbi la safari, akamwingiza ndani.

"Siwema! Mkaribishe fundi, ametoka Musoma. Mpe chai nikimkatia vioo vyake."

Siwema alisimama mlangoni na birika mkononi. Mzee alimtazama, akangoja. Sote tunajua alichokuwa akingoja.

"Karibu, fundi," alisema Siwema.

"Ahsante, mama," alijibu baba yake.

Mwanaupe, mtoto wa miaka mitano, hakujua mambo ya watu wazima. Alimpanda mgeni mapajani, akaishika ile pua kwa vidole viwili. "Inakuumaga?"

"Hapana, mjukuu. Zamani ndiyo ilikuwaga inauma." Kumwita mjukuu hakukuwa kosa, kila mzee huita hivyo kila mtoto. Mwanaupe aliegemea kifua chake, akawa anamtazama usoni bila kuchoka.

Mzee aliinua macho ukutani, akaitambua fremu yake, na ndani yake akamwona Mzee Shomari. Hakubadilika sura. Aliuliza kwa sauti ya chini, "Yale maandishi ya nyuma, uliyasomaga?"

Siwema alisikia ndara za mama mkwe zikija ukumbini. Alichotaka ni mzee anyamaze. "Ndiyo, nimesoma," akajibu haraka.

Fundi Jumanne alishusha pumzi kama mtu aliyetuliwa gunia. "Basi. Mimi sina dai tena. Nilikuwa naogopa tu usingejua." Akamalizia chai, akabeba vioo vyake, akaenda zake. Siwema alishukuru sana kuondoka kwake, hata hakujiuliza ni maandishi gani. Uongo wake wa kwanza ulikuwa wa woga, na mtu anaweza kuusamehe. Huu wa pili ulikuwa wa haraka tu, na ndio uliokuja kumla.

Mwaka uliofuata, asubuhi moja, dereva wa basi alileta habari dukani: yule fundi wa fremu amefariki alfajiri. Siwema aliwaambia wakwe kwamba mzee yule alimfadhili utotoni, akapanda gari la kwanza. Alipofika Musoma wanaume walikuwa wameshatoka makaburini. Alilala kwenye chumba cha baba, na dirisha lilikuwa bado limezibwa kwa boksi, katika nyumba ya mtu aliyekata vioo miaka yote.

Kulipokucha alimkuta Mwalimu Florian uani, amekuja kutoka Butiama kwa baiskeli.

"Pole, mwanangu. Lakini ameondoka na moyo mweupe. Aliniambia umeisoma ile ruhusa. Mwaka mzima alikuwa mtu wa kucheka."

"Ruhusa gani, mwalimu?"

Florian alimtazama, akaelewa, na uso wake ukasawijika. "Nyuma ya picha, Siwema," alisema. "Nyuma ya picha ya yule mzee."

Alifika Bunda mchana. Hakuvua hata buibui. Alimshusha Mzee Shomari ukutani, akang'oa misumari ya Nyamhanga kwa kisu cha jikoni, na karatasi nene ikatoka, mgongo juu, na mwandiko anaoujua.

*Binti yangu Siwema. Baba yako mdogo alinijia siku mbili kabla ya harusi yako. Nilimpa ruhusa akuozeshe kwa niaba yangu. Nilimkataza asikuambie, ili siku yako usiwe na haya. Sasa yeye hayupo na anayejua ni mimi tu, ndiyo maana naandika. Ndoa yako ni halali na watoto wako ni halali. Usiogope. Mimi baba yako, Jumanne, fundi wa fremu.*

Miaka mitano jibu lake lilikuwa limetundikwa sebuleni, na yeye alilifuta vumbi kila Ijumaa. Siwema alilia kwa sauti, kilio cha msibani.

Mwanaupe alikuja mbio, akaigeuza ile karatasi. "Mama, ni yule fundi!" Kidole chake kikamfuata mtoto wa kwenye picha. "Na huyu ni mimi. Atarudi lini?"

Mama mkwe alikuwa amesimama mlangoni. "Siwema, fundi wa fremu ndiye anayekuliza hivyo?"

"Ni baba yangu, mama."

"Baba yako? Si alikufa kabla hatujakuoa?"

Siwema alimvuta mtoto karibu, akajifuta uso kwa ncha ya buibui.

"Hapana, mama," alisema. "Amezikwa jana."