Mkono wa Mheshimiwa Begani

Adnan alikwenda kudai nyumba, akarudi na picha.

Ndivyo mamake, Bi Mwanalima, alivyokuwa akieleza kila mgeni alipouliza yule bwana mnene aliyebandikwa ukutani ni nani. Adnan mwenyewe, siku hizo angali Kismayu, ndiye aliyekuwa wa kwanza kucheka. Mkewe, Barke, hakucheka. Yeye picha ile aliiona nzuri tangu siku ilipoingia nyumbani, na ndiye aliyeitafutia misumari.

Nyumba iliyokuwa ikidaiwa ni ya mawe, karibu na bandari, aliijenga babake Adnan. Vita vilipoingia mwaka wa tisini na moja, Bi Mwanalima aliikimbia na Adnan mgongoni, wakaishia kambini Kenya, halafu Mombasa. Waliporudi baada ya miaka mingi, walikuta nguo za watu wengine zimeanikwa juu ya dari. Watu wenyewe walikuwa na ukoo mkubwa na bunduki nyuma ya mlango. Mbajuni wa visiwani, kama wao, ana nini cha kumtisha mtu? Wakapanga chumba cha mabati upande wa pili wa mji, wakawa wanapita mbele ya nyumba yao wakiangalia chini.

Kisha Mheshimiwa akasema redioni kwamba kila aliyeporwa nyumba atarudishiwa. Alikuwa mkubwa mpya wa serikali mjini, mwenye sauti nzito na kicheko kizito, na Adnan akampenda kwa maneno yale kama mtu apendavyo timu ya mpira. Siku Mheshimiwa alipokuja kukagua gati, Adnan, aliyekuwa fundi wa mashini za boti, alisugua mafuta mikononi kwa mchanga, akavaa shati la Idi, akapenya hadi mbele. Maneno ya kusema kuhusu nyumba alikuwa ameyapanga tangu alfajiri. Alipofika uso kwa uso, yote yakamtoka.

"Adeer," alisema, kwa lile neno la Kisomali ambalo wakubwa wote mjini huitwa kwa heshima, "naomba picha."

Mheshimiwa akacheka, akamtupia mkono begani. Askari mmoja akapokea kamera, akapiga. Baadaye askari yuyo huyo alimsukuma Adnan kwa kitako cha bunduki, akaangukia makapu ya samaki. Hilo la kitako cha bunduki, kamera haikulichukua.

Na Adnan ndivyo alivyokuwa. Kamera ndogo aliachiwa na binamu yake, wala hakuitumia kwa harusi au kwa riziki. Alichokipenda ni watu wenye jina. Alikuwa na picha yake na mchezaji mpira aliyekuja kufungua uwanja, ila kichwa cha mchezaji kilikatika juu ya nyusi. Alikuwa na picha ya msomaji Kurani mashuhuri, nayo ilikuwa kama moshi, kwa sababu mkono ulimtetemeka. Aliwahi kuvuka bahari hadi kisiwa cha Ngumi kumtafuta Bi Mishi, yule mwimbaji ambaye hakuna harusi ya visiwani iliyokamilika bila sauti yake. Alimkuta uani anaparuza samaki. Bi Mishi akakataa kupigwa mpaka aoge, avae buibui na kujitia manukato, kana kwamba kamera ina pua. Akaoga, akavaa, akajitia. Kisu akasahau kukiweka. Kwenye picha amesimama kama malkia mbele ya ukuta wa msikiti wa kale, kisu mkononi, magamba yanametameta, na Adnan kando yake anacheka mpaka macho yamefumba.

"Hawa watu wako wanakujua?" Barke alimwuliza siku moja.

"Wao hawanijui. Mimi nawajua. Yatosha."

Adnan aliondoka wakati Rawda, mtoto wao, hajaanza kutambaa. Alipita njia wanazopita wenziwe, ambazo Barke hapendi kuzifikiria, akafika Ulaya, akaomba hifadhi. Mambo yote yalisimama hapo: akikubaliwa, atamwita Barke na mtoto; asipokubaliwa, atarudishwa, au atajificha huko mpaka azeeke, na Rawda atamjua kwa sauti ya simu tu.

Alasiri moja alipiga simu, sauti yake ikiwa imenyauka.

"Hawaamini kama mimi ni Mbajuni wa huko. Wanasema Kiswahili changu ni cha Mombasa. Wakaniuliza visiwa, kimoja baada ya kimoja, nikataja vyote nikasahau Darakasi."

"Darakasi?" Bi Mwanalima alikuwa akisuka ukili kando, akautupa. "Nipe hiyo simu! We Adnan, nyanyako kazaliwa wapi? Kazikwa wapi?"

"Darakasi, mama."

"Basi ulipoulizwa, akili ulikuwa umeipeleka wapi?"

"Niliogopa, mama. Kulikuwa na mchu ananiangalia mdomo nikisema." Aliposema na mamake, mtu aligeuka mchu, Kibajuni kitupu.

Wakili wake, alisema, anataka kitu chochote kinachoonyesha kwamba ameishi Kismayu. Picha itafaa. Barke aliinua macho ukutani kabla mumewe hajamaliza.

Bi Mwanalima alitaka ipelekwe ile ya Bi Mishi. Msikiti wa Ngumi unaonekana nyuma, alisema, na Bi Mishi anajulikana na kila Mbajuni aliye hai, hata wa Ulaya.

"Mama, ameshika kisu."

"Anaparuza samaki! Kwani huko samaki huliwa na magamba?"

"Wazungu watajuaje Bi Mishi ni nani? Huyu wa ukutani ana bendera kifuani. Nyuma ni gati, na jina la mji limeandikwa. Mama, twataka Adnan aaminiwe. Nani ataaminiwa kwa mwanamke mwenye kisu?"

Bi Mwanalima aliokota ukili wake. "Haya. Wewe ndiye uliyesoma."

Kweli Barke alikuwa amesoma, darasa la jioni, na mwandiko wake ulisifiwa. Kwa hivyo picha haikwenda mikono mitupu. Kismayu mtu wa visiwani haonyeshi uso wake popote bila kutaja aliye nyuma yake. Kwenye kizuizi cha barabarani, bandarini, hata shuleni, swali la kwanza ni wewe u wa nani. Asiye na wa kumtaja hujiazima mmoja. Barke alifanya vile ambavyo angefanya mbele ya askari yeyote. Akaazima simu ya jirani, akaipiga ile ya ukutani, na chini yake akaandika, kwa adabu: Huyu ni mkubwa wa mji wetu, naye anamjua mume wangu vizuri na kumpenda.

Akabonyeza, ikaenda. Usiku ule alilala usingizi mzuri ambao hakuwa ameulala tangu Adnan aondoke.

Jibu lilikuja wakati wa kaskazi, joto limewabana. Adnan alianza kwa kucheka, na Barke akasimama wima na simu sikioni.

"Wamekubali, Barke. Wamekubali mimi ni Mbajuni, mtoto wa Kismayu. Picha imewatosha. Hata Darakasi wamenisamehe."

"Alhamdulillahi! Mama! Mama, njoo..."

"Ngoja, mke wangu. Ngoja." Akavuta pumzi. "Wanasema mchu anayependwa na mkubwa wa mji hana la kuogopa mjini mwake. Wanasema nirudi, yeye atanilinda. Wameyaandika maneno yako, Barke. Anamjua vizuri na kumpenda."

Barke alikaa chini palepale, juu ya chane za ukili za Bi Mwanalima.

"Ningewaambia kile kitako cha bunduki," Adnan alisema, "ila kwenye picha nacheka."

"Ulicheka kwa nini?"

"Nilifurahi, Barke. Nilifurahi kweli."

Wakili alikuwa amesema bado kuna mlango mmoja wa rufaa, ila mwembamba. Mheshimiwa mwenyewe akiandika kwamba hamjui Adnan, kwamba ilikuwa picha tu, pengine watasikia. Adnan alilitaja jambo hilo kama mtu anayetaja ndoto. Barke hakulichukua kama ndoto. Alilikosea yeye, atalitengeneza yeye. Na kwani ni gumu? Mtu aseme kweli tu: simjui.

Asubuhi aliing'oa picha ukutani kwa kijiko, misumari na yote, akamvisha Rawda gauni la manjano, wakapanda bajaji mpaka kwa Mheshimiwa.

Langoni watu walikuwa wameanza kujikunja katika kivuli cha ukuta. Askari akamwuliza shida yake.

"Nataka Mheshimiwa aandike kwamba hamjui mume wangu."

Askari akamtazama, akamwita mwenzake. "Njoo usikie hii! Huyu bibi anataka asijulikane!"

Mwanamke mmoja aliyekaa chini akainua uso. "Dada, tubadilishane. Mimi kila siku naja aseme anamjua mwanangu, angalau wamtoe ndani. Nipe mimi huko kujulikana, wewe chukua huko kutojulikana."

Wakacheka wote, hata Barke, kicheko kifupi. Kisha akamwonyesha askari ile picha. Uso wa askari ukabadilika.

"Ah, kumbe ninyi wa nyumbani! Si useme! Pita, pita, mama." Akawasogeza waliokuwa mbele kwa mguu. Yule mwanamke wa chini hakucheka tena. Barke alipita mbele yake akiona haya, na picha ikawa nzito mkononi.

Mheshimiwa alikuwa amenenepa zaidi kuliko ukutani. Alikuwa amekaa nyuma ya meza, na kijana wa kike mwenye simu kubwa, waliyemwita Nadia, amesimama pembeni. Barke alikuwa amepanga maneno yake njia nzima. Nyuma ya shela alikuwa akiyarudia: adeer, mume wangu humjui, tafadhali iandike kweli hiyo. Akafungua mdomo.

Rawda alimtangulia. Huyu mtoto, tangu alipojua kusimama, kila asubuhi Bi Mwanalima alikuwa akimwambia kwa mzaha: haya, kambusu mkono babu yako wa ukutani. Naye hujinyosha, akaibusu karatasi. Sasa yule babu alikuwa mbele yake, mzima, na mikono. Rawda alimponyoka mamake, akazunguka meza, akaushika mkono wa Mheshimiwa, akaubusu.

"Babu," alisema.

Chumba kizima kikaguta kwa furaha. Mheshimiwa alimnyanyua akampakata, na macho yake, Barke aliona, yalikuwa na maji ya kweli. "Mmeona? Mmeona mtoto anavyonijua? Nadia, piga!"

"Adeer," Barke alisema, "nimekuja kwa ajili ya mume wangu. Huyu hapa. Wewe humjui..."

Mheshimiwa aliitazama picha, akaishika mbali na macho, akaishika karibu. Hakuna jambo usoni mwake lililoonyesha kwamba anamkumbuka. Na papo hapo akapiga meza kwa kiganja. "Simjui? Nani kasema simjui? Huyu kijana wangu wa bandarini!"

"Hapana, adeer, nakuomba, sema humjui. Huko Ulaya wata..."

"Nani kakutia hofu? Mimi simkani mtoto wa mtu. Mwambie arudi, hapa ni kwao. Mimi nipo." Alikuwa akisema kwa huruma, hilo ndilo lililomshinda Barke. Angekuwa mkali, angemwomba zaidi. "Sogea, binti yangu. Kaa hapa, upande huu. Nadia, piga na mama."

Barke alisogea. Mkono mzito ukatua begani mwake. Simu ikalia mlio wake mdogo, mara moja, tena, tena. Baadaye alijiuliza mara nyingi kwa nini alitabasamu. Labda kwa sababu Nadia alisema, "Tabasamu, dada."

Kabla bajaji haijafika nyumbani, picha ilikuwa imeshatoka. Ilikuwa kwenye ukurasa wa Mheshimiwa, yenye mwanga mzuri, hakuna kichwa kilichokatika wala mkono uliotetemeka, na chini yake maneno kwamba Mheshimiwa amepokea familia ya ndugu zetu wa visiwani, anaowajua na kuwapenda.

Bi Mwanalima aliitazama muda mrefu kwenye simu ya jirani. "Mwanangu," alisema, "ulikwenda kudai nini?" Hakusema kwa kejeli. Alimvuta Barke kichwa, akakilaza pajani juu ya ukili, kama alivyokuwa akimfanyia Adnan kambini.

Alasiri simu ikalia. Barke aliiacha ilie, kisha akaipokea.

"Nimeiona," alisema Adnan.

"Nisamehe."

"Nani kaipiga? Mpigaji mzuri."

"Adnan, wakili ameiona?"

"Bado. Ataiona. Wataiona wote." Barke akasikia gari zikipita huko kwenye baridi. "Nimeikuza. Nimemtoa mzee, nimekutoa na wewe, nimembakisha Rawda peke yake. Ana meno, Barke. Hukuniambia kama ana meno ya juu."

"Yametoka zamani."

"Mazuri."

Rufaa haikufika mbali. Wakili alisema hatakuwa na la kuwaambia. Adnan alihama alikokuwa, akawa anapiga simu kwa namba zinazobadilika, naye haelezi yuko wapi na Barke haulizi.

Picha ya ukutani haikurudishwa. Mahali pake, katikati ya mabati yaliyotiwa weusi na moshi wa jiko, pamebaki alama nyeupe ya mraba. Barke ameisugua mara nyingi kwa jivu na maji, haitoki. Asubuhi, kabla ya chai, Rawda hujinyosha kwa vidole vya miguu, akaibusu. Barke amemwambia mara nyingi hakuna mtu pale. Juzi alitoa kwenye sanduku ile picha ya Bi Mishi na kisu chake, akaitundika kwenye alama ile kwa misumari ya zamani, na akamnyanyua mtoto.

"Yule anayecheka," alisema, akimwekea kidole. "Yule aliyefumba macho. Huyo ndiye babako."

Rawda alimtazama babake kwa adabu, kama anavyotazama wageni. Kisha akaushika mkono wa Bi Mishi, ule usio na kisu, akaubusu.