Mng'aro wa Viwanja vya Juu

Sijitetei. Nilimwonea wivu, tena wivu wa kunikosesha hamu ya chakula, na aliyeniletea picha yake gazetini alikuwa mume wangu mwenyewe. Alinisomea habari nzima mezani, mstari kwa mstari, kisha akauliza kama huyu si yule mwanafunzi wangu. Nikasema ndiye. Akasema ana kipaji. Nikamwambia amalize chai yake, friji za watu zinamsubiri, maana yeye ni fundi wa friji na mambo ya vipaji hayamhusu.

Mwanafunzi huyo kazini tunamwita Ramani. Alikuja kwenye kituo chetu cha utafiti wa mimea miaka sita iliyopita akiwa hajui kutofautisha mche na gugu. Nilimfundisha mimi. Nilimfundisha kupiga magoti, kwa sababu kazi yetu ni ya magoti. Nyuma ya kituo kuna mlima, na kwenye mteremko wake kuna viwanja vidogo arobaini, kila kimoja mita kumi kwa kumi, na vigingi vya chuma kwenye pembe. Kila mwaka napita kiwanja kwa kiwanja, nahesabu kila mmea uliomo, mkubwa kwa mdogo, naandika daftarini. Ukitaka kujua uoto unabadilikaje, mmea upi unahama na upi unakufa, hakuna njia ya mkato: unarudi palepale, unahesabu tena. Miaka ishirini na miwili sijakosa hata mmoja. Mwaka niliojifungua nilipanda mlima nikiwa na mimba ya miezi saba, na tumbo likawa linatangulia kwenye vichaka.

Basi Ramani akaja na kompyuta yake na kidege kisicho na rubani. Kazi yangu ya miezi miwili yeye anaimaliza asubuhi moja, kisha anakaa kivulini anatafuna karanga. Akaziingiza daftari zangu zote kwenye kompyuta, akaziunganisha na picha za kidege, zikatoka ramani za rangi ambazo hata mlinzi wa getini alisimama kuzitazama. Daftari zangu hakuna aliyewahi kusimama kuzitazama. Zilikuwa chini ya dirisha, na mtu mmoja aliwahi kuzitumia kuzuia mlango usijifunge.

Iliyoniumiza kuliko zote ilikuwa ramani ya mng'aro. Mng'aro ni mti mfupi, tunauita hivyo kwa sababu upande wa chini wa jani lake unang'aa kama bati jipya. Siku zote ulijulikana kuwa mti wa chini ya mteremko. Ramani akabandika ubaoni ramani yenye mshale mwekundu unaopanda: mng'aro unahama, unaufuata ubaridi juu ya mlima. Ndiyo habari iliyoingia gazetini. Mti unatembea, waliandika, na picha yake pembeni, meno yote nje.

Wakati huohuo mkuu wa idara yetu ya uoto alikuwa amestaafu, na kiti chake kilikuwa kinagombewa na watu wawili, mimi na yeye. Mkurugenzi alitangaza kwamba Ijumaa Ramani ataeleza matokeo yake mbele ya bodi na wageni, na baada ya hapo uamuzi utatolewa. Alinikuta kwenye korido akaniambia nisiwe na wasiwasi, vyovyote itakavyokuwa mimi ni mama wa kituo. Mama wa kituo! Mtu akishaanza kukuita mama wa mahali, jua cheo kinakwenda kwa mwanao.

Nikaanza kumtafutia kosa. Nasema wazi, sikuwa natafuta ukweli, nilikuwa natafuta kosa. Na nilijua pa kulitafuta. Mng'aro una ndugu yake, tunamwita mkavu, ambaye kweli ni mti wa juu. Miti hii ikishakua hata mtoto anaitofautisha, lakini miche yake ni pacha. Mpaka mwaka wa tatu jani la mng'aro haling'ai. Njia ni moja tu: unavunja kikonyo. Mng'aro unatoa utomvu mweupe, mkavu hautoi kitu. Nikajisemea, mtu wa kompyuta huyu, vikonyo atavivunja saa ngapi? Lazima amechanganya.

Jumatano mchana, wenzangu wakiwa wametoka kula, nikafungua kabati la sampuli. Kila mwaka tunachukua miche michache kutoka kila kiwanja, tunaikausha, tunaibandika kwenye karatasi ngumu na kuandika jina lake, tarehe na aliyeichuma. Uzuri wa mng'aro ni kwamba ule utomvu ukikauka unaacha doa la kahawia kwenye karatasi. Hata ukidanganya jina, doa litakusema. Nikaanza na karatasi za Ramani. Palipoandikwa mng'aro pana doa, palipoandikwa mkavu pasafi. Nikazipitia zote. Zote sahihi, na mwandiko mzuri juu yake.

Nikavuta droo za zamani ili nilinganishe. Hizo ni karatasi za miaka yangu ya mwanzo, enzi ambazo nilikuwa napanda peke yangu. Nikachukua ya kiwanja cha thelathini na tano, huko juu kabisa. Imeandikwa mkavu. Chini ya kikonyo kuna doa la kahawia, kubwa kama ukucha. Nikachukua nyingine. Doa. Nikaketi sakafuni, safi nikaziweka kando, zenye doa nikazitandaza. Miaka minane, karatasi thelathini na moja za viwanja vya juu, zote zimeandikwa mkavu kwa mkono wangu, zote zina doa.

Nilielewa papo hapo. Miaka ile sikuwa navunja vikonyo. Kila mtu alijua kwamba mng'aro haukui juu, kwa hiyo kila mche niliouona juu niliuandika mkavu, nikapita. Na miche ile ilikufa kwa baridi kabla jani halijaanza kung'aa, kwa hiyo hakuna mti mkubwa ulionisuta. Mwaka wa tisa alikuja mtaalamu mmoja mgeni akanionyesha kuvunja kikonyo, na toka hapo nikaanza kuandika mng'aro huko juu, tena kwa furaha, nikidhani umefika. Haukuwa umefika. Ulikuwepo siku zote. Nyani haoni kundule, na mimi langu nilikuwa nimelifungia kabatini miaka yote hiyo.

Mtu mwenye akili angelia. Mimi nilicheka. Kwa sababu kama mng'aro ulikuwepo juu tangu mwanzo, basi mshale mwekundu wa Ramani ni uongo mtupu, na gazeti limeandika uongo, na Ijumaa ataueleza uongo huo mbele ya bodi. Kosa lilikuwa langu, ndiyo. Lakini mimi nina mvi. Mimi nitachafuka kidogo, yeye atachafuka asitakasike. Nilikuwa tayari kuchoma nyumba ili panya afe. Ningeweza kwenda mezani kwake, hatua kumi, nikamwambia kimya kimya, naye angerekebisha kwa siku moja. Ndiyo maana sikwenda.

Ijumaa ukumbi ulijaa. Ramani alisimama mbele na blauzi yake ya kijani, projekta ikawashwa, mshale mwekundu ukatokea ukutani mkubwa kama mlango. Hakumaliza hata sentensi tatu. Nilisimama na furushi langu la karatasi, nikaomba radhi kwa mkurugenzi kwa sauti isiyokuwa na radhi yoyote, nikasema mng'aro haukupanda mlima. Nikaeleza miche, utomvu, madoa. Nikasema karatasi hizi ni za mkono wangu na kosa ni langu la miaka minane, na kwamba yeyote aliyejenga ramani juu ya daftari zile amejenga juu ya kosa. Nikazipitisha mkono kwa mkono, wageni wakawa wanayagusa madoa kwa vidole. Mimi nilikuwa namtazama yeye tu, nikisubiri uso ule uporomoke.

Haukuporomoka. Alisubiri nimalize kama nilivyomfundisha kusubiri.

"Najua, Mwalimu," akasema. "Niliyaona mwezi wa tatu."

Kisha akawaeleza wageni taratibu kwamba ile miaka minane hakuitumia kabisa. Mshale wake unaanzia mwaka wa tisa, imeandikwa pale chini kwa herufi ndogo, na kwa hesabu hiyo mng'aro umepanda kweli, ila kidogo, mita sabini. Herufi zile ndogo sikuwa nimezisoma. Nilikuwa nimeutazama mshale tu, na jina lake.

Mkurugenzi akavua miwani. Akamuuliza kama alijua tangu mwezi wa tatu kwamba daftari za kituo zina kosa, mbona hakumwambia mtu. Ramani akanitazama mara moja, akatazama chini.

"Ni kazi ya mwalimu wangu," akasema. "Nilitaka alione mwenyewe kwanza."

Jibu lile lilimharibia. Mkurugenzi alisema, si kwa ukali, kwamba katika kazi hii hakuna kufichiana, hata kwa heshima. Halafu akanigeukia mimi, akawaambia wageni watazame vizuri, huyu hapa ni mtu aliyesimama hadharani na kukiri kosa lake mwenyewe bila kulazimishwa na yeyote. Mzee mmoja wa bodi akaanza kupiga makofi. Ukumbi mzima ukafuata. Miaka ishirini na miwili nilikuwa nayasubiri makofi yale, na sikujua niweke wapi mikono.

Nyumbani nilimsimulia mume wangu nusu ya habari, nusu ile nzuri. Akaniita mke wangu mkweli, akatoka kwenda kuwasimulia majirani. Jumatatu barua ikaja: mkuu wa idara ni mimi.

Nilikuwa napanga vitu vyangu kwenye ofisi mpya Ramani alipobisha hodi. Alikuwa ameshika kikombe chake cha chai, hana kinyongo usoni, na nilimtazama kwa makini maana nilikitaka kinyongo kile. Kingenisaidia. Akanipongeza. Nikamuuliza kwa nini hakuja kuniambia mwezi ule wa tatu. Akasema alifika mlangoni kwangu mara tatu, na kila mara aliniona nimekasirika, akadhani ni kazi nyingi, akaona asiniongezee.

"Nilikosea," akasema. "Nilikuwa naogopa tu. Wewe Ijumaa ulinifundisha kitu, Mwalimu. Kama daftari zingekuwa zangu, mimi nisingethubutu kusimama vile. Naapa nisingethubutu."

Nilimtazama nione kama ananidhihaki. Hakuwa ananidhihaki. Alikuwa anaamini. Katika watu wote waliokuwa ukumbini, aliyechomwa na moto ule ni yeye, na ni yeye anayeushukuru. Hapo ndipo palikuwa mahali pa kusema. Maneno yalikuwa machache tu: sikusimama kwa ajili ya ukweli, nilisimama kwa ajili yako, nikuangushe. Nilifungua kinywa kabisa, na ulimi ukawa tayari.

Nikasema, "Ahsante, mwanangu."

Akatabasamu, akafunga mlango kwa adabu. Nikamsikia kwenye korido akimtania mtunza stoo kuhusu kofia yake, wakacheka wote wawili. Amenyimwa cheo alichostahili, ana miaka ishirini na tisa, na anacheka kutoka tumboni. Nilikaa kwenye kiti cha mkuu wa idara, mlango umefungwa, nikamwonea wivu kuliko siku zote.