Ngozi ya Tatu

Gundi aliinamia hadubini mara ya pili, akaona yaleyale. Kipande cha fosforasi kimetoa jasho. Vitone vidogo vimetapakaa juu yake. Kimekufa.

Walimwita Gundi kwa sababu kazi yake ilikuwa kubandika na kubandua. Alibandika punje ya fosforasi nyeusi kwenye selotepu, akakunja, akabandua, akakunja tena, mpaka ikabaki ngozi ya tabaka chache tu za atomi. Ngozi hiyo ikilazwa juu ya nyaya za dhahabu huwa kitambuzi: huhisi infraredi, mwanga unaotoka kwenye kitu cha moto na macho hayauoni. Shule aliiacha darasa la saba, lakini hakuna msomi pale mwenye vidole kama vyake.

Shida ni moja: ngozi hiyo haitaki hewa. Hubanduliwa ndani ya sanduku la kioo lililojaa naitrojeni, fundi akiingiza mikono kwenye glavu ndefu zilizofungwa ubavuni mwa sanduku. Jana Daktari, mkuu wa maabara na mume wa dada yake Gundi, alikitoa kitambuzi chao nje akipige picha. Akakisahau mezani mpaka asubuhi.

"Wageni wanaotaka kutufadhili wanafika saa nne, shemeji," Daktari alisema. "Chukua kile kitambuzi cha kununua, kifiche chini ya chetu, unganisha nyaya. Sindano ya mita ikicheza, nani atauliza?"

"Mimi."

"Wewe utawasha swichi tu."

"Miaka miwili nimebandua mpaka vidole vimeota sugu. Leo niwafunge watu kamba kwa kidude cha dukani?"

"Ukiniangusha, unamwaga unga. Mimi ndiye niliyekuingiza hapa."

"Uliniingiza. Hukuninunua."

"Nitamwambia dada yako."

"Mwambie. Lakini umwambie yote."

Wageni walikuja watatu, mkubwa wao mama mmoja wa miwani asiyecheka ovyo. Daktari aliwamwagia maneno matamu robo saa nzima, kisha akasema, "Fundi, washa."

Gundi hakuwasha.

"Hiki kimekufa," alisema. "Kililala nje. Mkinipa saa moja nitawabandulia kingine mkiona. Na huenda kikagoma."

Daktari alicheka kwa meno tu. "Fundi wetu ana utani."

"Sitanii."

Mama alivuta stuli, akakaa. "Saa moja ninayo."

Ngozi ya kwanza ilichanika. Ya pili ilikaa upande, nusu nje ya dhahabu. Mgeni mmoja alitoa simu akaanza kuperuzi. Pua ilimwasha Gundi na mikono imo kwenye glavu, akavumilia. Ya tatu aliishusha huku amebana pumzi, akaikandamiza taratibu. Akawasha kipasi cha kulehemea waya humo humo sandukuni, akakielekeza.

Sindano ililala.

Daktari alikohoa. Gundi alisogeza kipasi kidogo, na sindano ikainuka. Akakinga kwa kipande cha bati, ikashuka. Akaondoa bati, ikainuka.

"Kinga tena," mama alisema. Alimtaka arudie mara tano, bila kupepesa macho. "Kitaishi muda gani?"

"Humu ndani, muda mrefu. Nje bila kufunikwa, kesho ni maiti."

"Kwa hiyo kazi iliyobaki ni kukifunika."

"Ndiyo. Na kuwazuia wapiga picha."

Mama aliandika kwenye daftari, akauliza jinsi anavyokunja selotepu, akaomba aoneshwe. Wale wawili nao wakasogea.

Walipoondoka, Daktari alimngoja Gundi ukumbini.

"Umenivua nguo mbele ya watu."

"Nguo ulivua mwenyewe, shemeji. Mimi nimekataa kukushikia tu."

"Kesho usije."

"Nitakuja saa mbili kamili. Ukitaka nisije, niandikie barua, na sababu uiandike kwa mkono wako."

Gundi alimpita, akarudi maabara, akaingiza mikono kwenye glavu. Punje ya fosforasi ilikuwa bado imebaki nusu.