Mwili wa Muteba, Kichwa cha Shefu

Mwaka ule Wakasai, watu ambao wazee wao walitoka mkoa mwingine kuja migodini, walipoambiwa warudi "kwao," mzigo wa maana wa Muteba ulikuwa mmoja tu: picha ya harusi, kubwa kama sinia, yeye na marehemu Ndaya. Ndaya alifia hospitali isiyokuwa hata na aspirini, wakubwa wakizidi kunenepa. Sasa wakubwa walewale walimwambia Muteba, mzaliwa wa hapahapa Kolwezi, mji wa migodi, kwamba aliyemaliza shaba ni yeye. Mtu kala shaba yote, na mbavu bado ziko nje!

Vijana wa Shefu Kisimba, mkuu wa mtaa, walikuwa wamekwisha kubeba kamera na maboksi yote ya studio ambamo Muteba alipigia watu picha. Shefu mwenyewe akaja kuchukua fremu ya picha ya harusi.

"Hii inabaki, Tata Muteba. Kioo muzuri."

"Shefu, kamata kioo. Uniachie bibi yangu."

Shefu akajikuna shingo. "Basi unitengenezee picha. Kesho niko na hotuba kule gare. Unajua kazi yako: kichwa yangu ku mwili ya mukubwa. Nataka suti!"

Kazi hiyo mtaa mzima uliijua. Mwanamume asiye na suti alipigwa picha ndani ya koti la studio, la miraba, lenye kifungo kimoja cheupe. Aliyekufa kabla ya kupigwa, kichwa chake kilikatwa kwenye kitambulisho kikabandikwa juu ya koti lilelile.

"Lakini miili yote, zile picha za koti, bijana yako bamebeba, Shefu. Na karatasi ya picha ilikwisha tangu mugodi ilikufa."

"Hapana picha, hapana bibi."

Muteba akashika mkasi. Mwili uliobaki ulikuwa wake, pale kando ya Ndaya, ndani ya koti lilelile, kidole kimoja kimekatika.

"Weye sikukate, mama," akamwambia bibi harusi. "Nakata huyu mupumbavu mwenye kupigia bakubwa makofi."

Akajikata kutoka kwenye picha, Ndaya akabaki peke yake. Akaondoa kichwa chake, akabandika cha Shefu, kilichotoka kwenye picha ya ofisini. Kilizidi mabega.

Shefu akachekelea. "Njo vile! Kichwa ya mutu ya akili."

Kesho yake gare, yaani stesheni ya treni, ilijaa watu, sufuria na magodoro. Shefu akatundika picha ukutani, akapanda juu ya sanduku.

"Mukasai yote apande treni leo!"

Mama Mushiya, muuza maandazi, akasimama juu ya mzigo wake. "Shefu, ile koti si ya studio? Marehemu bwana yangu alivaa ileile!"

"Na kidole yenye kukatika?" mwingine akadakia. "Ile mukono ni ya Tata Muteba!"

"Yo! Mwili ya Mukasai!"

"Sasa Shefu, nani anapanda? Mwili iende, kichwa ibakie?"

"Ibakie? Bila tumbo, itaibia nani?"

Gare ikapasuka kwa kicheko, hata vijana wa Shefu wakaficha meno. Shefu akanyakua picha, akaichana shingoni, kichwa chake akatia mfukoni, kilichobaki akamrushia Muteba.

"Kamata mwili yako, upotee nayo!"

Kitu cha kwanza ambacho serikali ilimrudishia Muteba maishani.

Treni ilipoanza kutambaa kuelekea Tenke, akamwomba Mama Mushiya tonge la bukari, ugali wa kwao, akalitumia kama gundi kuurudisha mwili kando ya Ndaya.

"Na kichwa, Tata?"

"Ile yangu nilizika jana, pembeni ya kaburi ya Ndaya. Bakuje bamufukuze ule."