Simu ya Mkwe

Jumapili baada ya misa, Stéphane, mume wa binti yangu Claire, alifunga mbuzi kwenye lango langu akaondoka bila kubisha hodi. Kwetu sisi watu wa Kasai, mkwe hamletei mama mkwe mbuzi ili ale nyama. Ni fidia. Amevunja heshima ya ukwe, naye anaomba asamehewe kabla kosa halijatajwa.

Kosa gani? Mimi si mtu wa kulala na swali. Nikampigia Claire.

"Mama, shijue," akasema. "Toka wiki mbili anakataa kula. Na alifunga telefone yake na mot de passe. Nikiikamata, ananinyanganya."

Nikajua: mwanamke. Dalili ya mvua ni mawingu. Labda yuko huko Kakanda anakofanya kazi mgodini, labda na mtoto tayari. Mkwe niliyemsifia mbele ya parokia nzima! Nilimchukia kwa moyo wote, tena bila haya.

"Na weye, mama," Claire akaongeza, "ulienda kwa docteur?"

"Docteur wa nini?"

"Stéphane njo alisema nikuulize."

Nikakata simu. Uvimbe ulio kwenye titi langu la kushoto tuliujua wawili tu, mimi na jirani yangu Orpha, ambaye ni muuguzi. Miezi miwili nilikuwa namwambia nitaenda hospitali, nitaenda. Wiki mbili zilizopita, kwa kunichoka, aliniomba angalau nijipige picha aone kama uvimbe unakua. Nilijifungia chumbani, nikapiga, nikampa simu aitazame palepale, akanirudishia. Kumbe mdomo wake hauna mlango!

Nikavuka ua mbio.

"Orpha, weye uliambia bukwe yangu siri yangu?"

Akaweka sufuria chini kwa kishindo. "Minye? Minye niko infirmière, Mama Claire, shiko redio. Leta ile telefone. Nani alikupatia?"

"Stéphane. Ilikuwa yake, kisha akapata ingine."

Akafungua mipangilio, akapekua orodha ndefu ya ruhusa. Kidole chake kikasimama.

"Ona. Kompte yake iko bado mu ndani, hakuitosha wakati alikupatia. Na uliacha ruhusa ya picha wazi. Kila picha unakamataka inaendaka kwake."

Niliona aibu mpaka nikatafuta pa kukaa. Kwa heshima ya ukwe, Stéphane akiniona barabarani hupinda njia. Hajala nami meza moja tangu amwoe Claire, wala hajanitazama usoni. Na simu yake ilikuwa imemfungulia kifua changu. Ndipo nikaelewa ile mot de passe: alikuwa anamficha Claire picha ya mama yake. Mwanamke niliyekuwa nimemwazia hakuwepo.

"Nitoshe?" Orpha akauliza, kidole kikiwa juu ya kitufe cha kuondoa akaunti.

"Futa picha kwanza, kisha tosha kompte. Na unisamehe."

Alipomaliza nikampigia Claire tena. Nilikuwa nimepanga kumtetea mumewe kwa maneno mawili matatu, mengine niyameze. Hakunipa nafasi, alikuwa analia.

"Mama, niambie tu. Iko na mwanamuke ingine?"

"Hapana, mutoto yangu," nikasema. "Njo minye. Niko mugonjwa."