Timu ya Aber Yaongea

Mwaka 1968, shuleni kwetu Kasese, timu ya netiboli iliyoshindwa kwenye kipindi cha michezo Ijumaa ililazimika kufyeka uwanja Jumamosi kutwa. Na Jumamosi ya wiki hiyo dada yangu Edisa alikuwa anaolewa Bwera. Nilimwomba ruhusa Mwalimu Oryem, aliyewahi kuwa askari, akanijibu kwamba harusi si ugonjwa. Kwa hiyo ilinibidi nishinde, na kapteni wangu alikuwa Aber.

Aber, binti wa sajenti wa kambini, hakujua kuongea, alijua kuamuru. "Wewe, simama hapa. Wewe, kimbia. Hakuna maswali." Mfungaji, bila shaka, alikuwa yeye mwenyewe. Tulimtii kama makuruta, na kufikia mapumziko tulikuwa nyuma kwa mabao manne.

Mwalimu akaturuhusu tuongee kidogo. Nilikuwa nimechoka kuchekwa na wapinzani.

"Aber," nikasema, "wewe iko napiga mpira kwa mawingu. Ringi iko huku chini."

Nilingoja kofi. Aber akaangalia vidole vyake vya miguu.

"Ringi mimi sioni vizuri," akasema. "Naona kitu nyeupe tu."

Tulicheka mpaka mwenzetu Naome akakaa chini. Kumbe mfungaji wetu siku zote alikuwa anabahatisha. Basi kila mmoja akatoboa lake: Naome kisigino kilimuuma, Mbabazi aliogopa mipira ya juu, na mimi nilikuwa nanyang'anya wenzangu mpira kwa sababu sikuwaamini hata chembe. Tukabadilishana namba. Aber akaenda kulinda nyuma, akaziba njia kama lori lililokwama.

Kipindi cha pili hatukufunga midomo.

"Iko nyuma yako, Naome."

"Achia Mbabazi."

Hata Aber aliuliza, "Mpira iko wapi?" na akajibiwa. Tulicheza vizuri ajabu, tukashindwa kwa bao moja.

Nilikaa kwenye nyasi nikalia mbele ya watu. Dada ninaye mmoja tu. Aber akatuita tena, akagawa kazi ya kesho: nani aanzie upande wa choo, nani wa barabarani. Mimi hakunitaja. Nikamuuliza nifyeke wapi.

"Wewe namba yako iko Bwera," akasema. "Kipande yako tutafyeka sisi. Mwalimu akitaka kuchapa mtu, kapteni ni mimi."